Madhehebu ya Kwanza ya Elimu ya Nafsi Mbele ya Jinamizi la Pemba

Neno madhehebu limezoeleka katika Kiswahili kwa mambo ya dini na sheria. Mtu wa Pemba akiambiwa kwamba fulani ni wa madhehebu ya Shafii na fulani ni wa Ibadhi, hufahamu mara moja kwamba watu hao wawili wana kitabu kimoja na kibla kimoja, walakini njia zao za kuifikia hukumu zina tofauti. Neno hilo lafaa kuliko "shule" kwa kuyataja yale makundi ya wataalamu walioiasisi elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa pia saikolojia, huko Ulaya na Marekani baina ya mwaka 1879 na miaka ya 1920. Wao nao walikuwa na kitabu kimoja, yaani nafsi ya mwanadamu, na kila kundi lilikisoma kwa njia yake na kuwatia wenzake makosani.

Aghalabu madhehebu hayo hufundishwa kwa orodha ya majina na tarehe. Wundt alifungua maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879. James alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1890. Freud alifasiri ndoto mwaka 1900. Wertheimer alichapisha uchunguzi wake juu ya mwendo mwaka 1912. Watson alitangaza vita juu ya wote waliomtangulia mwaka 1913. Orodha hiyo humfaa mwanafunzi anayekabili mtihani, lakini haimwambii mtu fikira hizo zina nguvu gani zikitolewa nje ya vyumba zilimozaliwa. Fikira hupimwa kwa jambo ambalo wenyewe hawakulitazamia. Jambo la namna hiyo lilitokea kisiwani Pemba mwaka 1995, nalo ni kisa cha Popobawa. Kisa hiki kina faida moja zaidi kwa wachunguzi wa lugha: karibu kila kilichojulikana juu yake kilijulikana kwa ushahidi wa vinywa vya watu, na ushahidi huo ulitolewa kwa Kiswahili.

Mambo yenyewe, kwa ufupi, yalikuwa hivi. Mnamo Februari 1995, katika mwezi wa Ramadhani, zilienea Pemba habari za kiumbe anayeingia majumbani usiku. Watu walisema kwamba waliamka wakajikuta hawawezi kuinua mkono wala kupiga kelele. Kifua kilikuwa kizito kana kwamba kimekaliwa, na pumzi zikawapaa. Wako walioona kivuli, na wako, wanaume kwa wanawake, waliosema kwamba waliingiliwa kwa nguvu. Jina la kiumbe huyo lilifanywa kwa maneno mawili, popo na bawa. Ilisemekana kwamba aliyefikwa na msiba huo alipaswa kuwatangazia watu, na kwamba akificha atarudiwa. Basi jamaa ziliacha vyumba vyao zikalala nje, watu wengi mahali pamoja, wakiwasha moto na kukesha. Hofu ikavuka bahari hadi Unguja, kisha ikafika Dar es Salaam. Mjini Zanzibar, mgeni mmoja kutoka bara, mgonjwa wa akili aliyekwenda huko kutafuta matibabu, alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa mwenyewe. Watu walimpiga hadi akafa. Kwa hiyo kisa hiki si kichekesho cha kuwaburudisha watalii, kama magazeti mengi ya nchi za mbali yalivyokifanya.

Kabla ya kuwasikiliza wataalamu, yafaa kuyatazama maneno waliyokuwa nayo watu wenyewe. Kiswahili si maskini katika mambo ya usiku. Kuna ndoto na njozi. Kuna ruya, ambayo wengi huitumia kwa ndoto yenye bishara. Kuna maruweruwe, yaani mambo yanayomtokea mtu machoni ilhali hayapo. Kuna kuweweseka, ambako ni kusema ovyo usingizini. Na kuna jinamizi. Hili la mwisho ndilo linalohusika hasa, kwa maana lataja hali ile ile iliyoelezwa Pemba: mwili umefungika, kifua kina uzito, sauti haitoki. Kamusi zimezoea kulieleza kuwa ni ndoto ya kutisha, na maelezo hayo yamepungukiwa. Ndoto huotwa, na anayeota ndiye mtenda katika sentensi. Jinamizi hukaba. Msemaji husema "jinamizi lilinikaba" au "nilikabwa na jinamizi", na katika sentensi hizo mlalaji ndiye anayetendwa. Sarufi hapa imehifadhi jambo la kweli ambalo tafsiri ya "ndoto ya kutisha" imelipoteza, nalo ni kwamba mtu huyo hajioni kuwa amelala. Hujiona yu macho, na mwili wake umemkatalia.

Madhehebu ya kwanza kuitwa mbele ya kisa hiki ni yale ya uchambuzi, ya Wilhelm Wundt na mwanafunzi wake Edward Titchener, ambaye mwaka 1892 alihamia Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akayapa mafundisho hayo umbo kali zaidi. Walifundisha kwamba ufahamu waweza kuchambuliwa kama mkemia achambuavyo maji, na kwamba vipande vyake vya mwisho, kwa hesabu ya Titchener, ni hisi, taswira na hisia. Njia yao ilikuwa mtu aliyefunzwa kujichungua nafsi yake na kueleza kilichompitia. Titchener aliwaonya wanafunzi wake juu ya kosa aliloliita kosa la kichocheo, yaani kutaja kitu badala ya kutaja hisi iliyoletwa na kitu hicho. Anayeonyeshwa meza asiseme "meza", bali aseme rangi, mng'ao na umbo. Kwa kipimo hicho, mtu wa Pemba aliyesema "Popobawa alinikalia kifuani" alitenda kosa. Alitakiwa aseme kwamba palikuwa na uzito, giza, kufungika kwa viungo na hofu.

Haifai kuyadharau mafundisho haya. Jina likiondolewa kwa muda, hubakia mambo machache ambayo yamesikiwa pia kwa watu wasiopata kusikia habari za Pemba. Watu wa Newfoundland, Kanada, husimulia juu ya kikongwe anayewakalia vifuani usiku, na habari zao ziliandikwa kwa makini na David Hufford katika kitabu chake cha mwaka 1982. Wajapani huita hali hiyo kanashibari, yaani kufungwa kana kwamba kwa chuma. Ulinganifu huu ni ushahidi mzito kwamba watu wa Pemba hawakusema uongo, wala hawakuigana tu. Hilo ni tunda la uchambuzi, na anayelipuuza huwatukana mashahidi bila kujua.

Walakini uchambuzi huo ulishindwa mahali pale pale ulipojivunia. Hofu ya jinamizi si kipande kinachokaa kando ya uzito na giza. Mtu hahofu uzito; humhofu aliyemkalia. Ukimnyima shahidi haki ya kusema ni nani, umeuondoa msingi wa hofu yake, kisha utashangaa kwa nini vipande vilivyobaki havikutosha kuitoa jamaa nzima nyumbani na kuilaza uani. Wundt mwenyewe alilifahamu pungufu hilo kuliko wafuasi wake. Kuanzia mwaka 1900 hadi 1920 alitoa juzuu 10 juu ya nafsi ya mataifa, akashikilia kwamba maabara hukomea kwenye mambo mepesi, na kwamba mambo ya juu ya akili yatafutwe katika lugha, visasili na mila. Lau nusu hiyo ya kazi yake ingalifuatwa kwa bidii kama ile ya kwanza, madhehebu yake yangalifika Pemba yakiwa na kamusi mkononi. Hata hivyo nayo ina ila yake. Wundt aliyapanga mataifa juu ya ngazi, watu wa kale wakiwa chini na ustaarabu wa ulimwengu ukiwa juu. Ngazi hiyo haina mahali pa kukiweka kisiwa chenye misikiti na vyuo, kilichowatoa washairi kama Kamange na Sarahani, na ambacho mwaka 1995 kilikesha kwa hofu ya kiumbe mwenye mbawa. Ujuzi na hofu vilikaa katika watu wale wale.

Madhehebu ya pili ni ya wale waliouliza kazi ya ufahamu badala ya vipande vyake. William James ndiye aliyewafungulia njia, na John Dewey na wenzake wa Chicago wakaifuata. Kati ya waasisi wote, James ndiye angalikaribishwa kwa heshima zaidi uani Pemba. Katika kitabu chake cha mwaka 1902 juu ya namna watu wanavyoipata dini, alikusanya ushahidi wa watu wenye elimu na akili timamu waliohisi usiku kwamba yupo mtu chumbani ilhali hawakumwona, wala hakuwacheka. Alitaka kwanza wasikilizwe. Adabu hiyo ni sehemu ya elimu, na wengi waliokiandika kisa cha Pemba baada ya mwaka 1995 hawakuwa nayo.

Lakini mafundisho ya James juu ya hofu yanajaribiwa na jinamizi. Mwaka 1884 aliandika kwamba mtu hakimbii kwa sababu amehofu, bali huhofu kwa sababu anakimbia na kutetemeka. Mwili hutangulia, na hisia ni habari zinazoletwa na mwili. Mtu aliyekabwa na jinamizi hakimbii wala hana uwezo wa kutetemeka, na hofu yake ni kubwa kuliko ya mtu anayekimbia. Mtetezi wa James atajibu kwamba moyo hupiga na pumzi hubana, na kwamba hizo nazo ni habari za mwili. Jibu hilo lina haki kiasi. Hata hivyo linaacha jambo moja bila maelezo: kutoweza kukimbia ni sehemu kubwa ya hofu yenyewe, na hilo ni tendo lililokosekana, si tendo lililotendeka.

Warithi wa swali la kazi walifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 I. M. Lewis alieleza kwamba pepo huwapa wanyonge, hasa wanawake, njia ya kudai wanachonyimwa. Linda Giles, aliyefanya uchunguzi wake pwani, Pemba ikiwa miongoni mwa mahali hapo, alijibu mwaka 1987 kwamba maelezo hayo ni membamba mno. Katika vikundi vya uganga wa pepo alikuta pia watu wenye heshima zao, na pepo wenyewe wamefungamana na mila za Waswahili katika kiini chake wala hawakai pembezoni. Bishano hilo linafundisha namna ya kulisoma swali la kazi juu ya Popobawa. Ni rahisi kusema kwamba kukesha pamoja kulirudisha ujirani, na pengine kulirudisha. Anayesema hivyo na aulizwe pia: kazi hiyo ilikuwa kwa faida ya nani? Mgeni aliyeuawa mjini Zanzibar hakupata faida ya ujirani huo. Maelezo yanayopata manufaa katika kila jambo hayawezi kukitambua kilicho na madhara.

Madhehebu ya tatu ni ya Sigmund Freud. Hayo ndiyo yaliyoandika zaidi juu ya jinamizi kwa jina lake, kwa maana Ernest Jones, mfuasi wa Freud wa Uingereza, alilitungia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1931. Kwa maoni ya Jones, jinamizi na viumbe wote wa usiku wa Ulaya ya zamani ni sura za tamaa ya mwili iliyokandamizwa, na hofu ni malipo ya tamaa hiyo. Maelezo haya yanaonekana kana kwamba yameandikwa kwa ajili ya Popobawa, kwa kuwa aibu ya kuingiliwa ndiyo iliyokuwa kiini cha habari. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Kumwambia mtu aliyefikwa na fadhaa hiyo kwamba ndani ya nafsi yake aliitaka ni kumtwika kosa kwa kutumia elimu, na hakuna ushahidi wowote kutoka Pemba unaotosha kulithibitisha. Freud mwenyewe alipunguza ukali. Mwaka 1920, baada ya kuwaona askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliorudiwa usiku na mambo yaliyowatisha vitani, alikubali kwamba zipo ndoto zisizotimiza tamaa yoyote. Mchunguzi wa Pemba, kisiwa kilichopitiwa na misukosuko baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, angalipata manufaa zaidi kwa Freud wa mwaka 1920 kuliko kwa Jones wa mwaka 1931.

Liko jambo jingine ambalo Freud angaliweza kujifunza Pemba. Tiba yake ilitaka siri itamkwe, lakini itamkwe faraghani, kwa msikilizaji mmoja, nyuma ya mlango uliofungwa. Pemba siri ilitakiwa itamkwe hadharani, na majirani wote wakawa wasikilizaji. Matokeo yake yalikuwa mawili kwa pamoja. Aibu ya mtu mmoja ilipungua kwa kuwa wengi waliisema, na habari ikapata miguu ya kwenda nyumba ya pili. Tiba na uenezi vilipita katika kinywa kimoja. Mafundisho yaliyojengwa juu ya chumba kimoja hayakuwa na neno la kulieleza jambo hilo.

Madhehebu ya nne, ya John Watson, yaliifuta nafsi kabisa. Watson alisema mwaka 1913 kwamba elimu ya kweli huangalia tendo linaloonekana tu: kichocheo na mwitikio. Aliufuata mfano wa Ivan Pavlov, Mrusi aliyewafundisha mbwa kutokwa mate kwa ishara iliyoambatanishwa na chakula. Mwaka 1920 Watson na Rosalie Rayner walimtia hofu mtoto mchanga wa miezi 11 hivi kwa kugonga chuma kwa nyundo kila alipomgusa panya mweupe, hata akawa anamlilia panya peke yake, na baadaye sungura pia. Uchunguzi huo hautendeki leo bila kulaumiwa, na ulistahili lawama hata siku zile. Funzo lake, hata hivyo, laonekana Pemba. Hofu iliyoanza kwa jambo moja ilihamia kwenye mengine yaliyolikaribia: kivuli ukutani, kishindo cha paa, hatimaye uso wa mgeni asiyeweza kujieleza.

Ila Watson alikuwa na udhaifu usiofichika. Kwake yeye usemi ni tendo kama kutembea. Akisikia "nilikabwa", angaliandika kwamba mtu ametoa sauti, wala asingaliuliza kama sauti hiyo ni kweli au si kweli, wala ina tofauti gani na "niliota". Kwa elimu ya lugha huko ni kuukata mti ili kuyahesabu majani. Lipo pia jambo ambalo alikaribia kuliona akalikosa. Siku hizi yajulikana kwamba kukosa usingizi na kuvurugika kwa saa za kulala huongeza kutokea kwa jinamizi. Ramadhani tayari ina kuamka kwa daku, na juu yake ukaongezwa mkesha wa hofu. Kinga iliyochukuliwa dhidi ya jambo hilo yawezekana ilikuwa inalilisha. Hiyo ni duara ya matendo hasa, ya aina iliyopendwa na Watson, lakini haiwezi kuonekana na mtu aliyekataa kuuliza kilichomfika mlalaji ndani ya usingizi wake.

Madhehebu ya tano ni ya Max Wertheimer, Wolfgang Köhler na Kurt Koffka, ambao walishika kwamba kitu kizima hakifahamiki kwa kujumlisha vipande vyake. Wertheimer alionyesha mwaka 1912 kwamba mistari miwili ya mwanga ikiwashwa kwa zamu upesi, jicho huona mstari mmoja unaotembea, na mwendo huo haumo katika mstari wowote kati ya hiyo miwili. Mdenmaki Edgar Rubin akaongeza mwaka 1915 kwamba umbo huonekana kwa sababu ya mandhari yake, na mandhari ikibadilika umbo nalo hubadilika. Kati ya zana zote zilizotajwa, hii ndiyo inayoeleza kwa nini jinamizi ambalo watu wamelijua siku zote liligeuka kuwa Popobawa katika mwaka ule na si mwaka mwingine. Oktoba 1995 Zanzibar ilikuwa inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na Pemba ilikuwa ngome ya upinzani. Wako waliosema kwamba kiumbe huyo ametumwa na wenye kutawala. Wengine wakageuza shutuma hiyo kuelekea upande wa pili. Wazee nao walikumbuka hofu ya namna hiyo iliyosimuliwa kuwa ilitokea Pemba mwaka 1965, mara baada ya Mapinduzi. Martin Walsh, aliyeyafuatilia maelezo hayo kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi yalivyobadilika kwa kadiri ya siasa na wakati. Uzito wa kifuani ulikuwa ule ule. Mandhari yake ndiyo iliyokuwa mpya.

Madhehebu hayo yote matano yalikosa jambo moja la mwili ambalo halikujulikana wakati wake. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambamo macho hucheza upesi chini ya kope. Baadaye ikajulikana kwamba katika kipindi hicho viungo hulegezwa, na kwamba huenda akili ikaamka kabla ya viungo kufunguliwa. Hiyo ndiyo hali ya jinamizi. Wala si kweli kwamba kabla ya Leipzig hapakuwa na aliyelitafutia sababu ya kimwili. Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037 aliliandika katika Kanuni yake ya tiba kwa jina la kabusi, akaliweka miongoni mwa maradhi ya kichwa. Mwanachuoni wa pwani aliyelisoma jambo hili kwa Kiarabu hakuwa nyuma ya Titchener katika kulitenga na mashetani.

Hapa ndipo hukumu yaweza kutolewa. Kila dhehebu lilichukua sehemu moja ya ushahidi na kuiacha nyingine: la kwanza lilichukua hisi, la pili manufaa, la tatu aibu, la nne mwitikio, la tano mandhari. Hakuna hata moja lililoutazama ushahidi katika umbo la sentensi. Nayo sentensi yenyewe ina habari. Jinamizi, katika matumizi ya kawaida, huchukua upatanisho wa kitu: jinamizi lilikuja, lilinikaba, likaniacha. Popobawa huchukua upatanisho wa mtu na mnyama: Popobawa alikuja, alinikalia, ametumwa, atarudi. Neno bawa peke yake lingeweza kulivuta jina hilo lichukue "li", lakini halikulivuta. Tofauti hiyo ni ya silabi moja. Jinamizi halina aliyelituma wala makao, na akili ya msemaji haiendi kulitafuta asubuhi. Kiumbe mwenye upatanisho wa "a" aweza kutumwa, aweza kutafutwa, na aweza kudhaniwa kuwa ameonekana sokoni. Hakuna mtu aliyewahi kupigwa kwa kudhaniwa kuwa ni jinamizi.

Isifahamike kwamba kiambishi kilimwua mtu. Waliompiga yule mgeni waliua kwa mikono yao, na hofu, siasa na kutoijua hali ya mgonjwa wa akili vilikuwa na sehemu zao. Linalodaiwa ni dogo kuliko hilo, nalo ni kwamba lugha ilikuwa na neno la zamani lililoweza kuubeba msiba bila kumtafuta mkosaji, na kwamba katika miezi ile neno jipya lililifunika. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 2017, amewalaumu wageni walioyafanya mazungumzo ya Watanzania juu ya Popobawa kuwa imani moja nyepesi, ilhali wasemaji wenyewe hubishana, hutania na hutilia shaka. Lawama hiyo ni ya haki. Yafaa iongezwe kwamba ubishi huo wa wasemaji haukosi mabaki ya lile neno la zamani, na kwamba wapo waliosema tangu mwanzo kuwa hilo ni jinamizi tu.

Lililobaki ni kazi ya wenye kamusi na wafasiri. Elimu ya nafsi inaendelea kuandikwa kwa Kiswahili, na istilahi zake zinatungwa mwaka baada ya mwaka. Mwenye kuandika juu ya usingizi asilifasili jinamizi kwa "ndoto ya kutisha", kwa maana atalifuta jambo ambalo Kiswahili kimelihifadhi na ambalo maabara zililifikia baada ya mwaka 1953. Mwenye kukusanya ushahidi asiandike kwa muhtasari kwamba "mtu aliota"; na aandike kitenzi kilichotamkwa pamoja na upatanisho wake, ili ijulikane kama msemaji alisema "lilinikaba" au "alinikaba". Na daktari anayempokea mtu aliyekosa usingizi kwa hofu ya usiku, Wete au Chake Chake au kwingineko, amsikilize hadi mwisho kabla ya kumweleza habari za viungo na usingizi, kisha amweleze kwa neno ambalo nyanya yake alilitumia. Mgeni aliyeuawa mwaka 1995 alikwenda Zanzibar kutafuta tiba ya akili, na wale waliomkuta njiani walikuwa na jina moja tu la kumpa.